Ijumaa Ile Skrini Haikugeuka Nyekundu

“Huyu ndiye aliyemuua mke wangu!”

Simai alikuwa amemkaba Badriya shingo, amembana kwenye mlango wa chumba cha masjala. Ushungi wa Badriya ulikuwa chini. Macho yalikuwa yamemtoka.

Tulimvuta watu sita.

“Mwachie! Utamuua!”

“Kwani yeye hajaua?”

Alipomwachia, Badriya hakulia. Aliinama, akaokota ushungi, akajifunika. Kisha akanitazama mimi. Mimi peke yangu, kati ya watu wote waliojaa pale.

“Shemeji, waambie. Nshaandika mimi. Jana. Wallahi nshaandika!”

Na mimi, ndugu zangu mnaonisoma, nikafungua mdomo.

“Haimo, Badriya. Nimeangalia mwenyewe. Haimo.”

Maneno matano...

Kwa maneno hayo matano nilimzika binti wa watu akiwa hai.

Naitwa Amjad. Haya yalitokea mwaka 2003, hapa hapa Mji Mkongwe, na sijawahi kuyaandika popote. Nitayaeleza taratibu, kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyo. Mkinitukana mwishoni, nitakuwa nimestahiki.

Sikusomea kompyuta. Nilikuwa fundi wa redio. Nilinunua kitabu kilichokwishatumika, cha kutengeneza programu, nikakisoma mara tatu na kamusi pembeni. Baada ya mwaka nikawa mtu wa kuitwa huku na huku. “Fundi, njoo uitazame mashine yetu!”

Ndipo nikaitwa na Daktari Hamed. Alikuwa na kliniki yake ya ghorofa mbili, msikiti uko mlango wa pili. Kwenye masjala, yaani chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, alikaa Badriya, mdogo wake mke wangu, Ghaliya. Mimi ndiye niliyemwombea ile kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Wagonjwa wote waliandikwa kwenye faili moja. Faili hilo lilikaa ndani ya kompyuta ya Badriya. Ukutani nilipitisha waya wa buluu hadi dirisha la dawa, alipokaa Sabri, mtoaji dawa. Kompyuta ya Sabri ilikuwa na programu yangu. Akiandika namba ya mgonjwa, programu inapita kwenye waya, inafika kwa Badriya, inalifungua lile faili, inarudi na jibu.

Na kama mgonjwa ana dawa inayomkataa, skrini ya Sabri inageuka nyekundu yote. Nyekundu ya kumtisha mtu!

Daktari Hamed alifurahi mpaka akapiga marufuku kadi za karatasi.

“Karatasi basi! Sisi tumeshaendelea.”

Kulikuwa na kero moja tu. Kompyuta ya Badriya ikiwa imezimwa, programu ya Sabri ilikwama na kutoa maneno ya Kiingereza.

“Fundi! Mashine yako inanitukana Kizungu tena!”

“Subiri, naja.”

“Mbele ya wagonjwa, yakhe! Wananicheka!”

Niliona aibu. Nikakaa nayo nusu saa, nikairekebisha. Tangu siku hiyo haikulalamika tena. Sabri akaninunulia kahawa.

Kumbukeni hiyo kahawa.

Kuna mama mmoja wa Jang’ombe, akiitwa Salhiya. Alikuwa mgonjwa wetu wa zamani, namba yake 1407. Alhamisi alikuja na mumewe, Simai, jino limemvimba. Daktari hakuwepo, akaambiwa arudi kesho. Lakini kabla ya kuondoka alimwambia Badriya kwamba mwezi uliopita, Dar es Salaam, alichomwa sindano ya penisilini, akavimba uso na kukosa pumzi.

“Niandikie, mwanangu, wasije wakanipa tena.”

“Nshakuandikia, bibie. Wala usijali.”

Simai alikuwa amesimama hapo hapo, akasikia kila neno.

Ijumaa, saa saba na dakika arubaini mchana, Salhiya alirudi. Daktari alimwandikia penisilini. Hakumuuliza kitu. Kwa nini aulize, na skrini ipo?

Sabri akaandika 1407.

Skrini ikabaki nyeupe.

Nesi akamchoma sindano.

Simai aliniambia baadaye kwamba alimnong’oneza mkewe pale benchini, “Umewakumbusha lakini?” Mkewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande usiouma. “Si wameshaandika kwenye kompyuta?”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Saa nane haikufika vizuri, alikuwa ameshakufa.

Nilipigiwa simu, nikaja mbio. Kitu cha kwanza nilikwenda kwenye mashine ya Sabri, nikaandika 1407. Jina lipo. Umri upo. Jang’ombe. Sehemu ya dawa zinazomkataa... tupu!

Nilipotoka hapo ndipo nikakuta Simai amemkaba Badriya, na nikasema yale maneno matano.

“Njooni basi mwangalie kwangu!” Badriya alinivuta mkono, na Daktari akafuata, na Simai, na watu.

Akaandika namba. Skrini yake ikawaka nyekundu. PENISILINI.

“Si hii hapa? Si hii hapa, shemeji?”

Nilitaka kushusha pumzi. Daktari Hamed akaniwahi.

“Na umeiandika saa ngapi? Sasa hivi, watu wakilia?”

“Mimi? Daktari, mimi?”

“Umeingia saa nane kamili. Umekuta balaa, ukakimbilia kuandika ulichosahau jana.” Akanigeukia. “Fundi, wewe ndiye mwenye programu. Inawezekana?”



Nikafikiri. Faili ni moja. Dakika tano zilizopita, kwa Sabri, sehemu ile ilikuwa tupu. Sasa ina neno. Basi neno limeingia katika dakika hizo. Na mimi sikuwahi kuiweka programu iandike saa ya kila jambo linaloingia.

“Inawezekana,” nikasema.

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama hadi kwa Sabri ni hatua ishirini. Ningezirudi hatua ishirini tu, nikaandika 1407 mara ya pili, ningeona bado ni tupu, na ningeuliza kwa nini.

Sikurudi.

Badriya alifukuzwa siku ile ile.

Wiki moja haikupita, upande wa mchumba wake wakaleta salamu kwamba posa imevunjika. Hawataki mwanamke mwenye damu ya mtu mkononi. Mtaani watoto wakawa wanamwonyesha kidole. Akahama, akaenda kukaa Bububu kwa shangazi yake, Bi Mwatum.

Na mke wangu? Ghaliya alikuwa na mimba ya miezi saba. Alinishika mkono akasema:

“Ni mdogo wangu, lakini roho ya mtu si mchezo. Kama wewe umeangalia na haimo, basi haimo. Mimi na yeye basi.”

Aliniamini. Sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo... Aliniamini mimi, akamkana mdogo wake wa tumbo moja.

Ijumaa ya tatu baada ya msiba, nilikwenda kubadilisha kibodi ya Sabri. Tulitoka msikitini pamoja, akafungua kliniki, akaondoa kitambaa juu ya mashine yake, akaiwasha. Huo ndio ulikuwa mtindo wetu kila Ijumaa. Kabla ya adhana mashine zote huzimwa na kufunikwa kitambaa. Sabri, kwa kuwa msikiti uko mlango wa pili, hurudi saa saba u nusu na kuwasha yake. Wa masjala huenda kwao kula chakula cha Ijumaa, na hurudi saa nane, wakati wake halali. Siku nyingine zote wa masjala ndiye mwenye ufunguo, yeye ndiye wa kwanza kuwasha. Ijumaa tu ndiyo iliyokuwa kinyume.

Akaja mzee mmoja dirishani, aliyeandikishwa asubuhi ile ile. Sabri akaandika namba yake.

“Hayumo,” akasema, bila kushtuka.

“Hayumo vipi? Si kaandikishwa leo?”

“Ijumaa mchana hawa wapya huwa hawamo, fundi. Mimi nnawaandika pembeni.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoikomesha ile kutukana.”



Nilizunguka nyuma ya mashine. Nikaushika ule waya wa buluu. Nikauchomoa kabisa, nikaushika mkononi.

“Andika 1407.”

“Fundi, si umechomoa...”

“Andika, Sabri.”

Akaandika.

Ikajibu! Waya niko nao mkononi, na mashine ikajibu. Jina. Umri. Jang’ombe. Tupu.

Hapo nikaikumbuka kahawa.

Siku ile ya kuona aibu, nilifanya hivi: nilichukua nakala ya faili, nikaiweka ndani ya mashine ya Sabri. Kisha nikaongeza mistari minne kwenye programu. Ukilikosa faili la masjala, fungua nakala hii. Usiseme kitu. Endelea.

Nakala ile nilikusudia kuibadilisha kila Jumamosi. Jumamosi mbili nikaibadilisha. Kisha nikasahau.

Kwa hiyo kila Ijumaa, Sabri akiwasha kabla ya masjala, programu ililikosa faili, ikafungua nakala ya zamani, na ikabaki humo mchana kutwa. Hata Badriya alipowasha yake saa nane, programu haikugeuka tena. Faili halikuwa moja. Yalikuwa mawili, na la pili nililiweka mimi, kwa sababu sikutaka kuchekwa.

Badriya aliandika. Aliandika Alhamisi, kama alivyoapa.

Nilipanda kwa Daktari Hamed. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akafunga mlango.

“Umemwambia nani mwengine?”

“Sijamwambia mtu.”

“Usimwambie. Yule mwanamke keshazikwa. Mumewe karidhika na kadari. Badriya keshaondoka. Sasa unataka kumfufua nani?”

“Lakini Daktari, msichana hana kosa...”

“Na mkeo atajifungua lini?”

Akanisogelea.

“Mtoto azaliwe baba yuko ndani? Fikiri, fundi. Wewe ni mtu wa kufikiri.”

Nikashuka. Nikaifuta ile mistari minne, kimya kimya. Nikarudi nyumbani.

Nikanyamaza.

Siku ya kwanza nilijiambia, nitasema kesho. Siku ya tano nilijiambia, Ghaliya ajifungue kwanza. Siku ya kumi sikujiambia kitu tena. Siku ya ishirini Ghaliya alikuwa anakunja nguo za mtoto, akasema bila kuinua kichwa:

“Nilimwahidi Badriya, nikizaa mwanamke nitampa jina lake. Sasa sitampa. Sitaki mwanangu abebe jina la mwenye kuua.”

Niliondoka bila kuaga. Nikaenda Bububu.

Bi Mwatum alikuwa ameketi barazani, anapepeta mchele.

“Shikamoo, Bi Mwatum.”

“Marahaba. Leo umeipata njia ya Bububu? Au kompyuta ilikwambia kwamba hatupo?”

“Nimekuja kumwona Badriya.”

“Yuko ndani. Mlichombakisha ndicho hicho.”

Badriya alikuwa mkekani, anashona kofia. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mikono inaonekana. Hakuinua macho.

“Karibu, shemeji.”

Nikakaa. Nikamweleza. Nakala, mistari minne, Ijumaa, waya mkononi. Sindano yake haikusimama hata mara moja, inatoboa na kutoka, inatoboa na kutoka. Nilipomaliza akasema:

“Nnajua.”

“Unajua nini?”

“Kwamba mafaili yalikuwa mawili.”

Akanyanyuka, akafungua sanduku, akatoa daftari la skuli, la jalada la kijani. Daktari alipopiga marufuku karatasi, yeye hakuacha. Kila alichokiandika kwenye kompyuta, alikiandika na humo, kwa siri. Akafungua ukurasa, akanielekezea bila kuliachia.

Alhamisi ile: *1407 Salhiya, Jang’ombe. Penisilini inamkataa. Nimeshaingiza.*

Akarudi nyuma kurasa mbili tatu. Ijumaa ya wiki mbili kabla ya msiba: *Sabri ana wagonjwa 1,911. Mimi nina 1,938. Nimemwambia shemeji Amjad. Kanicheka, kasema nimehesabu vibaya.*

Nilikumbuka. Ndiyo, aliniambia. Nilikuwa nakunywa kahawa na Sabri.

“Badriya... siku ile ulikuwa nalo?”

“Lilikuwa mkobani. Simai kanikaba, nami nalihisi ubavuni.”

“Kwa nini hukulitoa?!”

Sasa sindano ikasimama.

“Ningelitoa, wangeisoma Alhamisi, wangeisoma na Ijumaa ile niliyokuja kwako. Ungelala ndani siku ile ile. Na dada yangu ana tumbo la miezi saba. Nikajiambia, shemeji ni mtu wa polepole. Atarudi, atatazama moja moja, ataona, atasema mwenyewe. Nikasubiri. Wiki. Ya pili...” Akanitazama kwa mara ya kwanza. “Wewe umeona lini?”

Ndugu zangu, ningeweza kudanganya. Ningesema leo asubuhi.

“Siku ishirini zilizopita.”

“Ishirini?”

“Ishirini.”

Aliinamia tena kofia yake. Akamaliza uzi wote.

“La Ijumaa lilinipata nikaona ni mtihani,” akasema mwishoni. “Hizi ishirini ndizo sikuzitegemea kwako.”

Nilitamani Simai aje anikabe mimi.

“Nipe hilo daftari,” nikamwambia. “Naenda kwa Simai sasa hivi. Nimwonyeshe.”

Akalifunga.

“Sikupi. Siku ile hukuhitaji karatasi kuniangamiza, shemeji. Ulitumia mdomo. Nenda na huo huo.”

Nilifika Jang’ombe alasiri. Simai alikuwa mlangoni pake, amempakata binti yake mdogo, anajaribu kumsuka nywele. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile. Misuko imekwenda upande.

“Bwana fundi. Karibu.”

“Nina maneno, Simai. Mtoto aende ndani.”

Nikasema. Sikumtaja Daktari kwanza, sikumtaja Sabri. Nilianza na mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho, na kichana mkononi.

“Kwa hiyo yule msichana aliandika?”

“Aliandika. Mbele yenu, Alhamisi ile ile.”

“Mke wangu alikufa anaamini kwamba mmeandika...” Akakiweka kichana chini. “Na kweli ilikuwa imeandikwa.”

“Ndiyo.”

Akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama, ule aliomkabia Badriya. Nilisubiri uje usoni kwangu. Haukuja.

“Kesho asubuhi tutakwenda polisi, mimi na wewe. Usinikimbie, bwana fundi.”

Sikumkimbia. Usiku ule nilimwambia Ghaliya. Hakupiga kelele. Alivaa buibui, akaenda Bububu kwa mdogo wake, na mtoto wetu alizaliwa huko.

Mimi nilikaa ndani miezi minane. Daktari alikana kwamba niliwahi kumwambia, na lake limebaki kati yake na Mola wake. Simai alikwenda Bububu na wazee wake watatu, akaomba radhi kwa Badriya mbele ya majirani wote, kwa sauti, ili wasikie. Badriya akampa radhi. Mchumba hakurudi, alikuwa ameshaposa kwengine. Kuna vitu ukishavivunja, ukweli wako ukichelewa hauviungi.

Nilipotoka, binti yangu alikuwa anakaa mwenyewe bila kushikwa. Anaitwa Badriya.

Bado natengeneza programu, na zote zina jambo moja. Zikikosa faili, zinasimama. Hazifungui nakala, hazikisii. Zinaandika kwa Kiswahili kikubwa: SIONI KITU. MSIMPE MTU DAWA. Watu wananilalamikia sana. Nawaacha walalamike.

Maana ile mashine, ndugu zangu, haikuwa na kosa. Niliifunza kujibu hata isipojua, ili isiaibike. Na Ijumaa ile, mbele ya watu, nami nilijibu nisichokijua, ili nisiaibike. Ukiulizwa juu ya mtu na hujui, sema hujui. Na ukijua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Kila siku unayonyamaza ni kosa jipya.

Miaka mitatu baadaye Badriya alikuja kwetu siku ya Idi. Alikuja na lile daftari la kijani, akaliweka mapajani mwangu. Nikalifungua. Ukurasa wa Ijumaa ile niliyomcheka kwa hesabu yake ulikuwa umechanwa. Haupo.

“Ukurasa wangu uko wapi?”

“Kwani hujui ulichoandikwa?”

“Najua.”

“Basi uandike wewe.”

Imenichukua miaka mingi, shemeji. Ukurasa wangu ndio huu.